Taa za Nyuma za Trekta Letu

Mume wangu alipostaafu kazi ya ofisini, baadhi ya wenzake walinunua mabasi madogo, wengine walifungua vibanda vya simu, na mmoja akaoa tena. Wangu alinunua trekta. Si trekta la maana, lile linalopita watu wakafunga madirisha. Lilikuwa dogo, jekundu, limetumiwa na Mjapani gani sijui mpaka akalichoka, lina maandishi ya kwao kwenye kila kifungo, na likisimama kando ya lori ungedhani lori limezaa. Aliliingiza uani kwetu Mutakura Jumapili baada ya ibada, bado amevaa suti. Akashuka polepole, akapangusa kiti kwa leso, akaniangalia. Nilimwambia afadhali angeniletea mke mwenza, maana mke mwenza angalau hupika.

Niseme mapema kwamba mimi nina mdomo. Nauza vitenge sokoni, na anayeuza vitenge bila mdomo hurudi navyo nyumbani. Mume wangu hana mdomo kabisa. Ni mtu wa shati lililopigwa pasi, mtu anayeweza kumwomba radhi mlango aliojigonga. Nikigomba, yeye hunyamaza mpaka nimalize, kisha huuliza kama kuna chai.

Mdomo wangu nimeurithi kwa mama. Mama anakaa bondeni, nje kidogo ya mji, kwenye mashamba ya mpunga. Ana kipande chake alichoachiwa na baba, na tangu nimjue hajawahi kula mchele wa kununua. Anaamini mchele wa dukani unaumiza tumbo, na akila kwangu hunusa sahani kwanza mbele ya wageni. Kwake yeye kukosa msimu mmoja ni kuaibika mbele ya bonde zima.

Sasa, kwetu mkwe na mama mkwe hawazoeani ovyo. Mkwe hali mbele ya mama mkwe wake, haketi naye mkeka mmoja, wala hampazii sauti. Watu wa siku hizi wamelegeza, lakini mume wangu hakulegeza hata kidogo, na mama naye alipenda iwe hivyo. Miaka yote hiyo wawili hao walizungumza kupitia kwangu, hata tukiwa chumba kimoja. Mama atasema, "Muulize bwana yako kama watu wa kwao wazima." Mume wangu, amekaa pale pale, anasikia kila neno, atanigeukia na kusema kwa upole, "Mwambie mama wote wazima." Nami namwambia mama kwamba wote wazima, na mama anaitikia kama aliyepata habari mpya.

Basi tulipokwenda kumtembelea baada ya trekta kununuliwa, mama alikuwa analalamika juu ya kikundi cha vijana wanaomlimia kwa majembe kila mwaka. Wanachelewa, wanakula sana, wanalima juu juu. Mume wangu akakohoa, akasema, "Mwambie mama asihangaike na watu wa jembe mwaka huu. Nitalima mimi."

Mama aliliangalia shati lake kwa muda mrefu, kuanzia kola mpaka vifungo.

"Muulize," akasema, "iko anajua shamba haina kiti na meza?"

Sikuuliza. Lakini kesho yake mama aliwaambia wale vijana watafute kazi kwingine, nao wakaipata mara moja kwa jirani. Kuanzia hapo hapakuwa na kurudi nyuma. Kule bondeni maji ya mfereji huja kwa zamu. Zamu yako ikifika, mgawa maji anafungua mlango wa mfereji na maji yanaingia kwako. Akikuta shamba halijalimwa, haulizi habari, anawafungulia wa mbele yako, nawe utakaa na miche yako kwenye kitalu mpaka izeeke. Zamu ya mama ilikuwa Jumamosi asubuhi. Shamba likiwa halijapasuliwa siku hiyo, mama angeshinda mwaka mzima akila mchele wa dukani, na mume wangu angeshinda umri wake wote akiwa mtu wa kiti na meza.

Nani asiyejua shida ya mafuta katika mji huu? Mazutu, ile dizeli ya trekta, unaifuata kwenye kituo tangu alfajiri, unaweka dumu lako kwenye mstari, unalikalia ili lisisogezwe, na ukibahatika unaipata jua likiwa limeshaelekea upande wa Congo. Ukifika bondeni ni saa kumi na mbili, na huku kwetu saa kumi na mbili giza halibishi hodi. Mume wangu alipiga hesabu hiyo mapema, na kwa hilo nampa heshima yake. Alisema mchana ni wa foleni, kwa hiyo kulima kutakuwa jioni, kwa hiyo trekta linahitaji taa. Lile trekta lilikuwa na vitaa viwili vya mbele, vya njano, vya kuonyesha tu kwamba kuna mtu anakuja. Alizitaka zile nyeupe za LED, za kazi, mbili, zifungwe nyuma juu, zimulike visu vinavyozunguka na kupasua udongo, maana anayelima anatakiwa kuona alichokilima.

Tukaenda Buyenzi. Mimi nilipanda basi, nikafika, nikanywa chai na chapati, ndipo naye akatokea na trekta lake, amekaa wima kama anayepeleka barua kwa waziri.

Anayetaka kufanya jambo kwa siri asilipeleke Buyenzi kwenye mtaa wa magereji. Pale hakuna kazi ya mtu mmoja. Gari likifunguliwa boneti, kila apitaye anaingiza kichwa, na akishaingiza kichwa lazima aseme kitu. Trekta dogo jekundu lilikuwa sikukuu. Kabla fundi wa umeme hajafika tulikuwa tumeshashauriwa tulipake rangi ya kijani, tulifunge honi ya lori, na tuliuze.

Fundi mwenyewe alikuwa mtu mchangamfu, mwenye kofia ya kufuma na mikono iliyojaa makovu ya betri. Alizifungua taa kwenye boksi akazipima uzito kiganjani. "Patron," akamwambia mume wangu, "hizi ni nzuri. Hizi haikuli umeme. Mi nitakufungia mpaka we mwenyewe utashangaa."

Na kweli alifanya kazi. Alizifunga juu ya lile bomba nene lililo nyuma ya dereva, linalomkinga trekta likipinduka. Alitoboa chuma, akapitisha boliti, akakaza. Alitoa waya mnene kwenye betri, akaweka fyuzi karibu na betri kabisa, akafuata mwili wa trekta kidogo kidogo, akifunga waya kila mahali kwa vipande vya mpira wa baiskeli ili usikwaruzwe. Waya alimenya kwa meno. Mume wangu alisimama karibu naye ameshika karatasi ya michoro iliyotoka kwenye boksi, akisema "samahani, fundi" kila mara, na fundi akijibu "apana shida, patron" bila kutazama karatasi wala patron.

Ugomvi ulikuja kwenye kuelekeza taa. Fundi alitaka ziangalie mbali, mpaka mwisho wa mtaa, kwa sababu taa isiyofika mbali ni ya nini? Mume wangu akataka ziangalie chini. Wapita njia wakagawanyika. Mzee mmoja wa kanzu, aliyekuwa akitoka msikitini, alisema taa ya kazi ni kama macho ya mwenye adabu, huangalia chini, na kwa kuwa alikuwa mzee, fundi akakubali akazielekeza chini.

Likabaki kuzijaribu. Ilikuwa mchana wa jua kali, huwezi kujua taa inawaka au inalala. Wakaleta turubai, wakafunika trekta nyuma yote, na fundi akaingia humo kwa magoti. Mzee wa kanzu naye akaingia, akisema haoni sababu ya kuambiwa na mtu kitu anachoweza kukiona mwenyewe. Mume wangu akawa juu ya kiti.

"Weka ya nyuma!" fundi akapiga kelele kutoka kwenye turubai.

Mume wangu akaingiza gia ya kurudi nyuma. Humo ndani ukasikika ukelele wa watu wawili. Walitoka wakipapasa, machozi yanawatoka, yule mzee akiwa amemshika fundi kiuno asianguke. "Inawaka," alisema mzee, ameelekea upande ambao hapakuwa na mtu. Mtaa mzima ukapiga makofi. Mimi nilipiga makofi. Mume wangu alikuwa na furaha ambayo sikumwona nayo hata siku ya harusi yetu, na niliona wivu kidogo, sikatai.

Hakuna mtu hata mmoja, kati ya watu wote wale waliozaliwa na kukulia kwenye magari, aliyesema: hebu weka na ya mbele tuone. Nani ajaribu taa ya nyuma kwa kwenda mbele? Mtaa wa magereji taa nyeupe ya nyuma hujaribiwa kwa kurudi nyuma, ndivyo walivyofanya baba zao.

Ijumaa mume wangu aliamkia kwenye foleni ya mazutu. Mimi nilifunga biashara mapema nikatangulia kwa mama. Mchana mama alinituma nimpigie simu mara nyingi mpaka nikachoka kusema neno "bado". Jua lilipoanza kushuka, mama alitoka akaenda kukaa kwenye ukingo wa shamba lake, na majirani zake wenye mashamba ya pembeni, wanawake wa umri wake, wakaenda kukaa naye. Hawakusema wamekuja kuangalia. Walisema wamekuja kupunga upepo. Mmoja alileta karanga.

Mume wangu alipofika, kiza kilikuwa kimeshaingia. Alikuwa na shati jeupe. Alisalimia kutoka mbali, kama ipasavyo, akanipungia mkono, akateremsha visu, akaanza.

Kwenda mbele, tuliona vile vitaa viwili vya njano vikitambaa shambani, na nyuma yake weusi mtupu. Nilijiambia labda ataziwasha akifika katikati. Akafika mwisho. Kugeuza trekta kwenye kona ya shamba dogo la mpunga alikuwa hajajifunza bado, kwa hiyo aliinua visu, akaingiza gia ya nyuma ili arudi alikotoka.

Na hapo, ndugu zangu, pakawa mchana.

Taa zilimulika shamba mpaka vyura wakanyamaza. Tuliona kila kitu. Tuliona ule mstari aliolima ukianza vizuri, ukienda kulia kama umesikia mtu anauita, ukarudi kushoto kwa haraka, na katikati ukaacha kisiwa kizima cha majani kilichosimama bila kuguswa. Wanawake wakasema "aaah" kwa pamoja. Alirudi nyuma taratibu akiwa ameangaziwa yeye na kazi yake, akafika mwanzo, akaingiza gia ya mbele, na giza likafunga.

Akaenda tena. Giza. Akarudi. Mchana. Kisiwa cha pili.

"Kule amesahau," mmoja akasema, akimenya karanga.

"Na kule."

"Pale amelima mara mbili. Pale anapapenda."

Ikafika safari ya tatu. Mama akanigeukia. "We mutoto, kamuulize bwana yako. Ile trekta inalima ikienda mbele ao ikirudi nyuma?"

Nilikimbia shambani viatu mkononi. Nilimkuta ameshazima mashine, ameshika usukani, jasho linamtiririka. Kwa mara ya kwanza sikuwa na neno la kumgombeza. Aliniambia kwa sauti ndogo kwamba taa zinawaka pale tu asipozihitaji. Nikachukua simu nikampigia fundi.

"Fundi, taa haziwaki!"

"Weka ya nyuma, mama."

"Ya nyuma zinawaka!"

"Basi iko sawa."

"Ya mbele haziwaki!"

Fundi akashusha sauti kwa huruma. "Mama, ukienda mbele, taa ya nyuma unaitaka ya nini?"

Nikamweleza jembe la trekta liko wapi. Nilieleza kwa sauti, nadhani hata Uvira, ng'ambo ya ziwa, walinisikia. Upande wa pili wa simu nilisikia pumzi ya mtu anayeelewa jambo taratibu na hapendi anachokielewa. Alisema alitufanyia wema. Polisi ya barabara akikuta taa nyeupe inawaka nyuma na gari inaenda mbele, anashika dereva, na yeye hakutaka patron wake ashikwe, ndiyo maana alitoa kifungo kwenye gari kuukuu akakifunga chini ya mkono wa gia, ukirudisha nyuma kinabonyezwa, taa zinawaka. Hata hakututoza. Kesho tulete, atabadilisha.

"Kesho asubuhi maji yanaingia!"

"Basi bonyeza na kidole," akasema. "Ukibonyeza inawaka. Ukiachia inazima."

Kifungo tukakiona kwa mwanga wa simu. Kilikuwa chini, upande wa goti la kushoto, kikubwa kama punje ya haragwe na kigumu kama roho ya mwenye nyumba. Mume wangu hakuweza kukibonyeza na kuendesha pamoja, labda angekuwa na mkono wa tatu. Tulijaribu kukibana na kijiti, trekta likatikisika, kijiti kikaruka. Tulijaribu kukifunga na uzi wa gunia, ukateleza. Nikasema mimi nitapanda nikae pembeni nibonyeze.

Hapo kuna kitu lazima nikiseme wazi. Kati ya kiti cha trekta lile na bati linalofunika tairi pana nafasi ya Mjapani mwembamba. Mimi napenda kula. Niliingiza upande mmoja, upande wa pili ukakataa. Mume wangu alinivuta, kisha akanisukuma, kisha akasema samahani. Ukingoni wanawake walikuwa wamesimama ili waone vizuri. Nilipotoka nilikuwa na grisi kwenye gauni na hasira ya kutosha kulima shamba lile kwa meno.

Mmoja wa wale jirani, mjane mwembamba mwenye kucheka, akajitolea. Alisema yeye ataingia pale bila shida.

"Apana," mama akasema. Alikuwa ameshafika nyuma yetu, hatukumsikia. "Hakuna mwanamuke wa kukaa hapo kando ya bwana ya mutoto wangu."

Halafu akavua kandambili.

Mume wangu alielewa kabla yangu. Aliruka chini upande wa pili wa trekta, akasimama huko ameshika mikono kifuani. "Mwambie mama hapana," akaniambia. "Mwambie ataanguka. Mwambie nitalima hivi hivi, nitalima gizani, nitarudia kesho alfajiri." Alikuwa karibu kulia, na najua si kuanguka tu kulikomtisha. Kukaa bega kwa bega na mama mkwe, goti lake likigusana na mkono wake! Angekubali kukaa na simba.

Mama hakunisubiri nifikishe ujumbe. Ni mwembamba yule, mifupa na maneno tu. Alipanda kama anapanda kitandani, akapita mahali nilipokwama mimi bila hata kugusa, akaketi juu ya bati, akaniamuru nimpe kitenge. Nilikuwa na kimoja kipya begani, cha kuuza. Akajizungusha kiunoni, akajifunga kwenye lile bomba, mafundo mawili, akakaza. Kisha akainama akaweka kidole gumba kwenye kifungo.

Mchana ukarudi.

"Apande," akasema, haangalii mtu. "Maji haingojei."

Akapanda. Aliendesha akiwa ameegemea upande wa kulia mpaka nikadhani trekta litapinduka kwa adabu. Kiwiko chake alikibana mbavuni kama mwenye jipu. Walikwenda hivyo mstari wa kwanza kimya kabisa, wawili hao wameangaziwa kama maharusi kwenye gari la wazi, na ukingoni hakuna aliyekumbuka karanga.

Mstari wa pili, mama akageuza shingo akatazama nyuma, akaona udongo unaanza kukimbilia kulia. Alitafuta mtu wa kumwambia. Mimi nilikuwa mbali, ukingoni. Mashine ilikuwa inanguruma. Nilimwona akifungua mdomo, akaufunga, akaufungua.

"Kushoto!" akapiga kelele. "Kushoto, we! Unaacha!"

Mume wangu alishtuka akakata kushoto kupita kiasi.

"Si hivyo! Kidogo!"

"Kidogo gani, mama?" Alipaza sauti. Nilimsikia kwa masikio yangu, na wanawake walimsikia, mmoja akajifunika mdomo. Mume wangu, ambaye hajawahi kumpigia kelele hata kuku, alimpigia kelele mama mkwe wake katikati ya shamba lililowashwa taa.

"Kidogo ya mutu mwenye akili!"

"Naona, mama! Naona sasa!"

"Unaona nini na unaangalia mbele?"

Walikwenda na kurudi wakibishana hivyo, na mistari ikanyooka. Visiwa vyote vikarudiwa, kimoja kimoja, mama akivionyesha kwa kidevu kwa kuwa mkono mmoja umeshika bomba na mwingine uko kazini. Mahali pengine walisimamisha trekta, taa zikazimika, tukasikia sauti zao gizani bila kushika maneno, kisha kicheko. Nilimuuliza jirani kama na yeye amesikia. Alisikia. Taa zilipowaka tena, mume wangu alikuwa anatafuna kitu, na mama alikuwa anafunga tena pindo la nguo yake, anapowekaga muhogo wa kuchemsha wa kula shambani. Alikula mbele ya mama mkwe wake, jamani. Nilisimama pale na grisi yangu nikaona uchungu wa ajabu, wa mtu aliyefanya kazi ya kupeleka salamu miaka yote halafu akaambiwa njia imefunguliwa. Nilifurahi pia. Vyote viwili vilikuwa kweli.

Walimaliza kabla watu hawajaenda kulala. Mama alipofunguliwa kitenge hakuweza kukunja kidole gumba, kilikuwa kimesimama peke yake kama kinaomba usafiri, na alikaa nacho hivyo siku mbili. Asubuhi mgawa maji alifungua mlango wa mfereji, maji yakaingia, yakatulia sawasawa kwenye shamba lote. Mama alitembea ukingoni akilitazama, na jirani walipopita aliwaambia kwamba limelimwa na mkwe wake, na kwamba mkono wake bado unahitaji kufundishwa.

Wiki iliyofuata tulirudi Buyenzi. Fundi aliomba radhi, akakata ule waya wa kifungo, akaweka swichi nzuri mbele ya dereva, karibu na usukani, ya kuwasha na kuzima upendavyo. Kifungo cha zamani alikiacha pale pale, kimekufa, kwa kuwa kukifungua kungeharibu skrubu. Safari hii tulijaribu mbele na nyuma, na mtaa ukapiga makofi mara mbili.

Msimu uliofuata foleni za mazutu hazikuwa zimekwisha, tukafika tena shambani jioni. Mama alikuwa ametusubiri ukingoni. Alikuwa na mto mdogo wa kukalia, ameushona mwenyewe, na kitenge chake mwenyewe cha kujifungia. Alivua kandambili, akapanda, akaweka mto juu ya bati, akajifunga, akainama, akaweka kidole gumba kwenye kifungo.

Nilifungua mdomo. Mume wangu alinitazama, akatikisa kichwa kidogo. Kisha akajifanya anapangusa vumbi mbele ya usukani, na taa zikawaka.

Wakaondoka. Walikuwa wameshaanza kubishana kabla ya mstari wa kwanza kwisha. Katikati ya shamba upepo ulitoka ziwani ukataka kuchukua kilemba cha mama, naye bila kufikiri akaachia kifungo, akakishika kilemba kwa mkono ule ule. Taa hazikuzima. Nilimwona akiziangalia zile taa. Akaangalia kidole chake. Akamwangalia mkwe wake kwa pembeni, kwa muda, na yeye alikuwa amekodoa macho mbele kama mtu asiyejua lolote duniani.

Mama akafunga kilemba vizuri. Akainama tena, akarudisha kidole gumba kwenye kifungo, akakibonyeza kwa nguvu.

"Kushoto!" akasema. "Kushoto kidogo, mwanangu."

Naye akakata kushoto kidogo.